Uzito Usiotambuliwa na Serikali

Nchi ya Ujazo haipakani na nchi yetu wala haifanani nayo kwa lolote, na msomaji atakayeona mfanano ajue ni macho yake tu. Hilo likishaeleweka, tunaweza kuendelea kwa amani.

Kwa miaka mingi huko Ujazo unene ulikuwa jambo la kizalendo. Rais wao, ambaye kisheria aliitwa Mlezi wa Taifa, alikuwa na mwili mkubwa hasa, na picha yake ilitundikwa maofisini kwa misumari miwili. Viti vya bungeni vilipanuliwa kwa fedha za wahisani. Waziri ambaye vifungo vya shati lake havikulalamika tumboni alishukiwa kuwa na mawazo ya upinzani, na watoto wa shule walifundishwa kuimba kwamba kitambi cha Mlezi ndilo ghala la taifa.

Kisha Mlezi akaenda ng'ambo kwa mapumziko ya kikazi, akarudi amekonda. Aliteremka kwenye ndege suti ikimfuata kwa nyuma, na bendi ya polisi ikakawia kupiga wimbo wa taifa kwa sababu kiongozi wa bendi alidhani huyu ni msaidizi na mwenyewe bado yuko ndani. Haikupita miezi mingi, baraza zima la mawaziri lilikuwa limepungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mitaani watu walisema ni sindano: kikalamu kinachochomwa tumboni kila wiki, kikaua hamu ya kula. Serikali ilikanusha. Ilisema viongozi wamepungua kwa nidhamu.

"Taifa letu sasa linaingia katika zama za wepesi," alitangaza redioni Mheshimiwa Mwinyikondo Tarumbeta, Waziri wa Afya na Maumbile. "Unene ni mabaki ya ukoloni. Mkoloni alitunenepesha makusudi ili tusiweze kumkimbiza. Kila mwananchi ajitazame, na akijiona, apungue."

Wananchi, ambao wengi wao walikuwa wamenenepa kwa utiifu, wakabaki wanatazamana.

*

Mwalimu Siwatu Mbelwa hakunenepa kwa utiifu, wala kwa ulafi. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake alikuwa hivyo, na yeye alipofika umri wa makamo mwili ulijijaza wenyewe bila kumwomba ruhusa. Alifundisha somo la uraia katika sekondari moja ya mji mkuu. Darasa lake lilikuwa ghorofani, na kila asubuhi alisimama katikati ya ngazi akijifanya anasoma tangazo la mashindano ya riadha, tangazo ambalo alikwisha kulijua kwa moyo, mpaka magoti yakubali kuendelea.

Sukari ilipompanda tena, alikwenda kwa Daktari Kihwelo wa hospitali ya wilaya, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kunong'ona hata akiwa peke yake na mgonjwa.

"Mwalimu, vidonge peke yake havitoshi tena," alisema. "Na hayo magoti hayatakusubiri. Iko dawa inayoweza kukusaidia kwa yote mawili. Ni hiyo hiyo sindano inayosemwa."

"Ile ya wakubwa?"

"Dawa haimjui mkubwa. Ila si ya kuchezea. Ina kichefuchefu, inaweza kufunga tumbo, na wapo watu isiowafaa kabisa. Ndiyo maana inapaswa kutolewa hospitali, tukikuangalia. Wewe inakufaa."

"Bima yangu italipa?"

Daktari alitazama dirishani. "Hilo kawaulize wao. Mimi nilisomea binadamu tu."

Siwatu akaenda. Mfuko wa Bima ya Afya ya Kila Mtu ulikuwa na jengo la vioo ambalo kila mtu aliruhusiwa kulitazama kwa nje. Ndani alipokewa na Bwana Pazi, afisa wa madai, ambaye miezi michache nyuma alikuwa na mashavu na sasa alikuwa na mkanda uliotobolewa matundu mapya.

"Sindano ipo kwenye huduma zetu, Mwalimu," alisema Pazi kwa ukarimu mkubwa. "Anapewa mwanachama yeyote anayezidi kilo tisini."

"Mimi nazidi."

"Panda tuone."

Siwatu akavua viatu akapanda kwenye mizani. Mshale ulikimbia, ukagonga chuma mwishoni, ukabaki hapo ukitetemeka. Mizani zote za Wizara ya Afya ziliishia kilo tisini. Zililetwa na kampuni ya mkwe wa mtu fulani, na kiwandani zilitengenezwa kwa ajili ya magunia ya mahindi.

"Tisini kamili," alisema Pazi. "Hujazidi."

"Mshale umegonga chuma, Bwana Pazi. Umeusikia."

"Nimeusikia. Ila kanuni inasema uzito unaozidi mizani ya serikali hautambuliwi na serikali."

"Sasa nani amewahi kuzidi?"

"Mpaka leo, hakuna. Ndiyo maana tunajivunia kwamba nchi hii haina tatizo la unene."

"Na waheshimiwa walipimwa kwa mizani ipi?"

Bwana Pazi alivuta suruali yake juu. "Wao hukadiriwa kwa macho, Mwalimu. Ni utaratibu wa heshima."

Siwatu alivaa viatu vyake polepole, kwa sababu kuinama kulikuwa kazi, na kwa sababu alitaka Pazi aone kwamba ni kazi. Kwa miaka yote aliyofundisha alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba mwananchi akiwa na shida, dola itamwona. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza itamwonaje ikiwa macho yake yanaishia tisini.

*

Aliishi na mdogo wake, Zawena, msichana mcheshi aliyekuwa karani wa mapokezi katika Wizara ya Afya na Maumbile yenyewe. Zawena naye alikuwa na mwili, si mkubwa kama wa dada yake, lakini wa kutosha kuiaibisha wizara. Waraka ulitoka: watumishi wote wanaoonwa na umma wawe na sura ya wepesi. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya chini, kwenye majalada ya zamani, mahali ambapo umma haufiki na hewa haifiki.

"Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi," Zawena alisema wakila chakula cha jioni, yeye akizungusha tu kijiko kwenye bakuli. "Wenzangu wanachoma saluni. Wanaiita sindano ya waheshimiwa."

"Saluni ni mahali pa nywele."

"Wana friji, dada."

"Hata muuza soda ana friji. Zawena, nisikilize. Usiniletee hiyo habari hapa."

Zawena hakuileta tena. Aliipeleka saluni peke yake. Asubuhi moja alichomwa tumboni na mwanamke aliyekuwa na wembe wa nyusi katika mkono mwingine, na kabla ya adhuhuri akaanguka kwenye meza yake ya mapokezi, jasho likimtiririka, akitetemeka mwili mzima. Kwa bahati mbaya ndio muda Mheshimiwa Tarumbeta alikuwa anashuka kwenda kuzindua kitu. Walinzi wakamvuta Zawena nyuma ya pazia ili njia iwe safi. Waziri alipita, akapiga picha, akahutubia, akaondoka. Ndipo wakakumbuka kuita gari la wagonjwa.

Daktari Kihwelo hakunong'ona siku hiyo.

"Hii haikuwa dawa yenyewe," alimwambia Siwatu kwenye korido. "Ilikuwa insulini, imebandikwa jina jingine. Sukari yake ilishuka mpaka ubongo ukakosa chakula. Wangemleta mapema..."

Zawena aliamka baada ya siku kadhaa. Alimtambua dada yake, akacheka, akalia. Lakini maneno yake yalikuwa yametawanyika. Kijiko alikiita ile ya kuchotea, dirisha aliliita ile ya nje, na mara nyingi alianza sentensi akasimama katikati, akamtazama Siwatu kama mtu aliyefika njia panda asiyoikumbuka. Siwatu alimshika mkono akamngoja. Usiku ule alipofika nyumbani alikaa jikoni bila kuwasha taa, akamkasirikia Zawena, kisha akajikasirikia mwenyewe, na ilipofika asubuhi hasira ilikuwa imepata anwani yake.

*

Mfuko ulikataa kulipia matibabu ya Zawena. Bwana Pazi alieleza kwa masikitiko kwamba Mfuko haulipii madhara ya dawa ambayo haimo nchini, na kwamba kuthibitisha kama dawa imo au haimo ni kazi ya Mamlaka ya Usalama wa Dawa.

Siwatu akaenda Mamlaka. Mkurugenzi wake, Profesa Lwitiko, alimpokea vizuri. Mbele yake palikuwa na sahani ya biskuti. Alichukua moja, akaimega kipande kidogo kama cha kumtupia ndege, akakitazama, akakirudisha.

"Dawa hiyo haimo nchini, Mwalimu. Nakuhakikishia."

"Mdogo wangu imemlaza hospitali."

"Haiwezekani. Sisi hatujairuhusu kuingia. Kitu ambacho hakijaruhusiwa kuingia kitakuwaje kimeingia?"

"Kwa hiyo hamkagui saluni?"

"Tukakague nini, wakati haimo? Tukianza kukagua tutakuwa tunaeneza uvumi."

"Na hiyo wanayochoma waheshimiwa?"

"Ah. Hiyo inapita kwenye mikoba ya kidiplomasia. Haigusi ardhi yetu, kisheria. Na usalama wake tumeuthibitisha kisayansi." Profesa aliinua kidole. "Imetumiwa na baraza zima la mawaziri, na hakuna waziri hata mmoja aliyejiuzulu."

"Kwa hiyo ni salama kwa mawaziri."

"Kabisa."

"Na kwa walimu?"

"Kwa walimu bado tunafanya uchunguzi."

"Mmeanza lini?"

"Hatujaanza," alisema Profesa Lwitiko, na kwa namna fulani alionekana kufurahi kwamba swali lilikuwa rahisi.

*

Wiki hiyo hiyo Zawena alihamishiwa hospitali ya rufaa, mji wa pili, na Siwatu alikuwa akisafiri kwa basi kwenda kumwona. Barabara kuu ya Ujazo ilikuwa na mizani mpya ya magari, fahari ya Wizara ya Barabara, iliyosifiwa kwamba inaweza kupima lori la saruji na pia pakiti ya sigara iliyosahauliwa juu yake. Basi lilipopanda, taa nyekundu ikawaka. Limezidi.

Kondakta alipita katikati ya viti akamtafuta mtu wa kushusha, na macho yake hayakuhangaika sana.

"Mama, samahani. Shuka kidogo, utapandia mbele."

Abiria wachache walicheka. Siwatu akashuka, akasimama kando ya barabara kwenye jua, aibu ikimpanda shingoni. Kisha akatazama kioo kikubwa cha mizani. Tarakimu zilikuwa zimeshuka. Zilishuka kwa kiasi chake yeye, na taa ikawa ya kijani.

Alisahau aibu. Alisimama akiitazama ile taa mpaka kondakta akamwita mara ya pili. Hiyo ilikuwa mizani ya serikali, yenye muhuri wa serikali, na ilikuwa imemwona.

Aliporudi mjini hakukaa. Alikwenda kwenye mabenchi ya kliniki ya Daktari Kihwelo, ambako wagonjwa wa sukari na magoti walijuana kwa majina, akawaeleza. Wengine walicheka, wengine waliogopa. Mama Nangwale, mpishi wa gerezani, mwanamke mkubwa asiyeogopa askari kwa sababu alikuwa akiwapakulia ugali kila siku, alisema, "Mimi naja. Nikifungwa nitakuwa nimefika kazini." Baada ya hapo wakajitokeza wengine.

Walifika kwenye mizani asubuhi, wamevaa nguo za sikukuu. Msimamizi, mwanamume mwenye kizibao cha njano, aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Mama, hii ni ya magari."

"Ni ya serikali?"

"Ni ya serikali."

"Inaishia kilo ngapi?"

"Haiishii. Inapima lori na tela lake."

"Basi tupime. Sheria yenu imebandikwa hapo ukutani: chochote kitakachopanda kitapimwa."

Msimamizi aliisoma sheria yake upya, na kwa kuwa Ujazo walikuwa watu wa kufuata utaratibu, akakaa kwenye kompyuta. Siwatu akapanda.

"Aina ya chombo?"

"Mwalimu."

"Namba ya usajili?"

Akampa namba yake ya uanachama wa Bima.

"Ekseli?"

"Mbili. Ya kushoto inauma."

"Uzito wa juu unaoruhusiwa? Mashine haiendelei bila hiyo."

"Tisini. Waulize Mfuko."

Msimamizi akabonyeza. King'ora kikalia, taa nyekundu ikawaka, na kwenye kioo, kwa tarakimu ambazo zingeonekana hata na dereva aliyesinzia, ikaandikwa kilo mia moja thelathini na moja. Mwanamke mwingine angeifunika namba hiyo kwa khanga. Siwatu aliitazama kama mtu anayetazama jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Umezidi," alisema msimamizi, akiwa na huzuni ya kweli. "Mashine imekwisha kupeleka taarifa polisi. Mimi siwezi kuirudisha."

"Asante," alisema Siwatu. "Mama Nangwale, panda."

*

Walishtakiwa wote kwa kosa la kupitisha mwili uliozidi uzito kwenye barabara kuu. Mheshimiwa Tarumbeta, ambaye hakuwa mtu wa kusubiri kuelewa jambo ndipo alisifu, aliipongeza mizani hiyo hadharani. Alisema wanene sasa hawana pa kujificha, serikali ina jicho kila barabara. Mwendesha mashtaka akaagizwa akusanye ushahidi mzito, na akaukusanya kwa bidii: picha, vipimo vilivyopigwa muhuri, na kiapo cha mtaalamu kwamba mizani ile haikosei.

Ni mwanasheria mmoja wa wizara, mtu mkimya wa chumba cha nyuma, aliyeuliza kwenye kikao swali dogo. Serikali ikithibitisha mahakamani kwamba hawa wanazidi tisini, Mfuko utasemaje kwamba hawazidi?

Inasemekana Waziri aliomba maji, kisha akayakataa, maana hata maji yalikuwa hayamwingii tena.

Jioni moja Bwana Pazi alibisha hodi kwa Siwatu. Alikuwa amebeba kiboksi cha barafu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa tajiri.

"Mheshimiwa anakusalimu, Mwalimu. Hii ni kutoka kwenye mgao wa viongozi. Halisi kabisa. Utakuwa ukiletewa kila mwezi hapa hapa nyumbani. Wewe siku ya kesi useme tu kwamba mizani ilikosea."

Siwatu alifungua kifuniko. Kalamu ndogo zilikuwa zimelala kwenye barafu, safi, nyeupe. Siku hiyo miguu ilikuwa imevimba hata ndara zikakataa kuingia. Alifikiria ngazi za shule. Alifikiria kufika juu bila kusoma tangazo lolote, akaingia darasani na pumzi zake zote. Alizitazama kalamu kwa muda mrefu kuliko alivyopenda Pazi aone.

"Na Mama Nangwale?"

"Yeye hakutajwa."

"Na wale wengine?"

"Mwalimu, mgao ni mdogo. Wewe chukua, hao watajijua."

Mlangoni kwa ndani, Zawena, aliyekuwa ametoka hospitali wiki hiyo, alikuwa amesimama ameshika fremu. Pazi alipomwona aliinamisha macho. Walikuwa wakifahamiana, mara nyingi Zawena alikuwa amempokea wizarani, akimtania kuhusu tai zake.

"Mwambie Mheshimiwa," alisema Siwatu akirudisha kifuniko, "kwamba mimi sijaiba kitu mpaka niletewe dawa kwa kificho. Nimekatwa mshahara kila mwezi kulipia bima ya hii dawa. Nitaichukulia dirishani, mchana, watu wakiniona."

"Utajuta."

"Inawezekana. Chukua boksi lako kabla barafu haijayeyuka."

*

Siku ya kesi korido ya mahakama ilijaa. Mwendesha mashtaka alimfuata Siwatu akitabasamu.

"Mwalimu, nendeni nyumbani. Jamhuri inaondoa mashtaka. Mmeshinda."

"Tumeshinda nini?"

"Hamna kosa. Kisheria hamjawahi kuzidi uzito. Itakuwa kama hamkupimwa."

Siwatu alisimama pale, magoti yakimuuma, akaelewa vizuri kabisa. Walitaka kuwarudisha kwenye tisini. Akawageukia wenzake akasema nao kwa sauti ya chini, na walipoingia ndani wote walikuwa na nyuso za watu waliokwisha kuamua.

Hakimu Kasigwa alikuwa mwembamba wa kuzaliwa, na hiyo ilimponza. Chini ya utawala wa vitambi hakupandishwa cheo, na ulipokuja utawala wa wepesi walisema wembamba wake hauna juhudi. Alisoma shtaka kwa sauti ya uchovu.

Mwendesha mashtaka alikuwa ndio kwanza anainuka, anafunga kifungo cha koti, wakati Siwatu aliposema, "Mheshimiwa Hakimu, nakiri kosa."

"Subiri," alisema mwendesha mashtaka. "Jamhuri inaomba..."

"Nakiri," alisema Siwatu. "Nilizidi kilo tisini. Nilizidi kwa kilo arobaini na moja, kwenye mizani ya serikali, na akili zangu zikiwa timamu."

"Na mimi nakiri," alisema Mama Nangwale. "Tena mimi nimezidi kumpita yeye." Nyuma yake wakasimama wengine, mmoja mmoja, kila mtu akitaja uzito wake kwa sauti, na chumba kizima kikawa kinasikiliza namba ambazo watu hao walikuwa wamezificha hata kwa waume na wake zao.

"Jamhuri inaondoa mashtaka," alisema mwendesha mashtaka, safari hii kwa haraka.

Hakimu Kasigwa alimtazama juu ya miwani. "Wamekwisha kukiri. Ushahidi wako ninao hapa, na ni mzuri mno. Mbona unaukimbia?"

Mwendesha mashtaka akakaa.

"Kuna jambo jingine, Mheshimiwa," alisema Siwatu. "Mdogo wangu hajashtakiwa. Anaomba ashtakiwe."

Zawena alisimama kwenye benchi la wasikilizaji. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Maneno yalichelewa kumjia, na Siwatu ilimbidi ajizuie asimsemee.

"Nilitumia dawa," alisema Zawena. "Ile... ile iliyokatazwa. Saluni. Nilinunua. Nikaanguka pale... pale wizarani. Mnishtaki."

Hakimu alimgeukia mwendesha mashtaka. "Utamshtaki?"

Mwendesha mashtaka alifikiri. Akimshtaki, dawa imo nchini. Asipomshtaki, mtu amekiri mbele ya mahakama na Jamhuri imekaa kimya.

"Mahakama imesikia," alisema Hakimu, akiandika. "Dawa bandia imo nchini, inauzwa, na imemdhuru binadamu. Mkurugenzi wa Mamlaka ya Usalama wa Dawa aje hapa aniambie alikuwa wapi."

Kisha akatoa hukumu. Sheria ya Barabara, alisema, iko wazi: chombo kilichozidi uzito hakilipishwi tu na kuachiwa. Kinazuiwa mpaka uzidifu upunguzwe, na gharama ya kupunguza ni ya bima ya chombo hicho. Hivyo Mfuko wa Bima ya Afya ya Kila Mtu unaamriwa kupunguza uzidifu wa washtakiwa wote, hospitalini, chini ya daktari, kwa dawa iliyokaguliwa, na bila kukiharibu chombo.

Mama Nangwale alimnong'oneza Siwatu, "Chombo ndiyo sisi?"

"Ndiyo sisi."

"Sawa. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi."

*

Hakimu Kasigwa alihamishiwa kituo cha mbali wiki iliyofuata, kwa kile kilichoitwa kutambua mchango wake. Lakini hukumu ilibaki, na ilipojulikana, watu walianza kumiminika kwenye mizani ya barabara kuu kuliko malori. Saluni zilikaguliwa. Profesa Lwitiko alifika mahakamani akakiri kwamba uchunguzi kuhusu walimu sasa umeanza. Wizara, ilipoona haiwezi kuizuia dawa, ikatangaza kwamba ni mpango wake wa siku nyingi, na Mheshimiwa Tarumbeta akapanga kuja hospitali ya wilaya ili apigwe picha akiichoma sindano ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Alikuja na wapiga picha, amevaa koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Siwatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kliniki.

"Mama yetu," alisema Waziri kwa sauti ya hotuba, "serikali yako sikivu imekukumbuka."

"Mheshimiwa, wewe ni nesi?"

"Mimi ni Waziri wa Afya."

"Nakuuliza kama ni nesi."

Waziri alitabasamu kwa ajili ya kamera. "Si nesi kitaaluma, lakini..."

"Basi hunigusi. Ila kwa kuwa umekuja, niambie, hiyo ya kwako ulichomwa na nani, na ikalipiwa na nani?"

Kamera ziliendelea kubofya. Mheshimiwa Tarumbeta alitazama saa yake, akagundua kwamba anahitajika mahali pengine, akatoka akiwa bado amevaa lile koti, na wapiga picha wakamfuata wakirudia swali.

Wakabaki Siwatu na nesi, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Mkamburi, aliyekuwa ameficha kicheko kwa kujifanya anapanga pamba. Alitoa kalamu kwenye friji, akamwonyesha Siwatu muhuri wa ukaguzi, akamsomea tarehe.

"Siku za mwanzo utasikia kichefuchefu," alisema. "Kula kidogo kidogo. Ukiumwa tumbo sana, maumivu yasiyoacha, usivumilie, njoo hata kama ni usiku. Na haikutoi mwili wote kwa mwezi, usidanganyike na picha za mawaziri."

"Na ikinidhuru?"

"Utarudi hapa."

"Halafu?"

"Halafu nitaandika kwamba imekudhuru."

Siwatu alimtazama usoni. "Utaandika? Hutaniambia kwamba haimo nchini?"

"Nitaandika, Mwalimu. Na jina langu nitaweka."

Siwatu alipandisha upindo wa blauzi yake.

"Haya," alisema. "Choma."